Neno "vifaa vyote" kwenye tenda za mitandao linatuponza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama itakuwa ndefu nisamehe, punguza utakavyoona, ila aya ya leseni na ile ya swichi usiziguse tafadhali maana ndo zimenifanya nikae chini niandike.

Mimi ni fundi mtandao, niko Mwanza, nimeajiriwa kwenye chuo fulani ambacho sitakitaja maana ugali wangu unatoka hapohapo. Kila nikifungua gazeti napitia matangazo ya tenda, ni mazoea tu ya kazi, na kila tangazo la mfumo wa kusimamia mtandao lina sentensi ileile utadhani wanaazimana, kwamba mfumo uwe na uwezo wa kugundua vifaa vyote otomatiki na kuviingiza kwenye kanzidata. Vifaa vyote. Hilo neno "vyote" Mhariri nina ugomvi nalo wa muda mrefu. Hakuna programu inayogundua vyote, iwe ya bure iwe ya mamilioni, na anayeuza analijua hilo, anayenunua ndo halijui, na atakayeamshwa usiku mtandao ukilala ni mtu kama mimi.

Nianze na yaliyotukuta. Siku ya kukabidhiwa mfumo walikuja vijana wawili wa mkandarasi, wamependeza, projekta ikawashwa ukumbini, mkuu wa chuo kakaa mbele, mhasibu yupo, bosi wangu yupo, mie nimesimama mlangoni na funguo za reki, lile kabati la vifaa vya mtandao, mkononi. Kijana akaandika anwani ya kuanzia na ya kuishia, akabonyeza kitufe cha diskava, mstari wa kijani ukaanza kutembea na namba ikawa inapanda, 40, 120, 300, ikaja kusimama kwenye 412. Watu wakapiga makofi. Mkuu akasema kumbe tuna mali nyingi hivi. Kijana akaweka tiki kwenye kile kiboksi cha juu kabisa cha kuchagua vyote kwa mpigo, akabonyeza ingiza, vikaingia 412 kama vilivyo, picha ikapigwa, hati ya makabidhiano ikasainiwa, soda zikanyweka. Shughuli nzima haikufika saa moja.

Wiki kama tatu baadaye jengo la maabara likakosa mtandao asubuhi, wanafunzi wapo kwenye mtihani wa kwenye kompyuta, simu zinaita, mie nakimbilia kwenye skrini ya mfumo mpya nione nini kimezima. Skrini ina alama nyekundu 190. Mia moja na tisini! Na zilikuwa nyekundu jana, zilikuwa nyekundu juzi, ndo maana hamna aliyekuwa anaziangalia tena, zimekuwa kama ule mlio wa ving'ora vya magari, ukisikia unageukia upande wa pili unaendelea kulala. Nikapanda ngazi nikaanza kukagua kwa macho, meza kwa meza, nikakuta kaswichi kadogo, kale kaboksi ka kugawa waya mmoja wa mtandao kwa kompyuta kadhaa, ka porti (matundu) nane, kako chini ya meza ya mtunza maabara, kamejaa vumbi, adapta yake imechomolewa kwenye soketi mtu kachomeka chaja ya simu. Nikachomoa chaja nikarudisha adapta, taa zikawaka, mtihani ukaendelea. Hako kaswichi hakamo kabisa kwenye zile 412.

Sasa kwa nini hakamo, naomba nieleze kidogo maana wasomaji wengi si watu wa IT, na wanaosaini hizi tenda mara nyingi nao si watu wa IT.

Programu ikitafuta vifaa haina macho, inapiga hodi. Inachukua anwani ya kwanza inapiga hodi, inasubiri kidogo, ikiitikiwa inaandika, isipoitikiwa inaenda mlango wa pili, hivohivo mpaka mwisho wa mtaa. Mtaa wa kawaida, ule ambao sisi tunaandika /24, una milango 254. Hodi yenyewe ndo tunaiita pingi. Akiitika mtu inamuuliza la pili kwa lugha ya SNMP, ni lugha ya zamani tu ya tangu 1988, mazungumzo yanapita porti 161 (hii siyo tundu la waya, ni namba tu ya njia ya mazungumzo), wewe nani, jina lako nani, umetengenezwa na nani, una porti ngapi, umewaka tangu lini. Kifaa kinachoijua hiyo lugha, kikiambiwa na neno la siri lililo sahihi, kinamwaga kila kitu. Kisichoijua kinaishia kwenye hodi tu, kwaiyo kwenye orodha unapata anwani tupu na alama ya kuuliza pembeni.

Wa kwanza kuitika na kuongea sana ni printa. Printa ni mbea, printa nyingi zinatoka kiwandani SNMP iko wazi na neno la siri ni "public", kila mtu duniani analijua. Kompyuta ya Windows yenyewe mara nyingi fayawoli, yaani programu yake ya ulinzi, inaizuia isiitike hodi, iko pale, mtu anaifanyia kazi, ila kwa programu haipo. Kilichozimwa hakiitiki, na sisi huku umeme unajulikana, ukiskani saa ambayo jengo moja halina umeme umeshalipoteza jengo zima. Na kaswichi kama kale ka maabara hakana anwani ya IP hata moja, utapiga hodi wapi sasa? Mie hizi naziita swichi bubu. Zinauzwa kila duka la kompyuta, bei ya kawaida tu, mtu wa ofisi akiona tundu la ukutani halitoshi anaenda kununua kwa pesa ya matumizi madogo madogo, anachomeka mwenyewe, hamwambii mtu.

Mnakumbuka Sensa ya 2022. Karani alikuwa anauliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, mgeni aliyelala kwako anahesabiwa kwako na baba mwenye nyumba aliyelala safarini anahesabiwa hukohuko alikolala. Kwa kuhesabu nchi iko sawa kabisa, tukapata watu 61,741,120. Lakini hamna mtu aliyechukua dodoso la karani akaenda nalo ardhi kwamba hii ndo hati yangu ya nyumba. Sisi kwenye mitandao ndo tunachofanya, tunachukua waliolala usiku mmoja tunawasajili kama wenye nyumba. Afu kingine, mwaka uleule kabla makarani hawajatoka kulikuwa na ile kazi ya anwani za makazi, nguzo za majina ya mitaa, vibao vya namba milangoni, ndo watu wakaja kuhesabiwa. Wenzetu wa tenda wanataka karani aingie mtaa ambao milango haina namba na atoke na hesabu kamili kwa dakika ishirini.

Nilikaa siku nne nikazipembua zile 412 moja moja. Simu na laptopu za wanafunzi na wageni 243. Kompyuta za ofisi na maabara 71. Printa 22. Kamera na mashine za alama za vidole 31. Vifaa vya mtandao hasa, yaani swichi, rauta za kuunganisha mitaa, aksesi pointi za kurusha WiFi, 34. Zilizobaki 11 hazieleweki. Ukiangalia hizo 34 rauta yetu kuu ilikuwemo mara tano, kwa sababu ina anwani tano, moja kwa kila mtaa, na programu imepiga hodi milango mitano kaitika mtu yuleyule kwa sauti ileile ikaandika watu watano. Kwaiyo vya kweli 30. Nikachukua daftari, kalamu na tochi nikazunguka majengo yote manne, ofisi kwa ofisi, nikaingia mpaka darini, nimepata 58. Hizo 30, nyingine 7 ambazo siku ile zilikuwa zimezimwa au ziko mtaa ambao kijana hakuuandika, na swichi bubu 21. Ishirini na moja! Mkuu aliambiwa ana mfumo unaoona kila kitu.

Sasa leseni. Mfumo wetu unalipiwa kwa idadi ya vifaa, tulinunua leseni ya vifaa 500, na siku ya kwanza tu 412 zimekwenda. Kijana aliacha umewekwa uskani wenyewe kila wiki na uingize wenyewe kila kipya unachokiona. Hapo ndo pabaya. Zamani simu ilikuwa na namba yake ya kuzaliwa, ile MAC, haibadiliki popote iendako, na programu inaweza kuitambua ikirudi. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iPhone kuanzia iOS 14 ya 2020, simu ikiingia kwenye WiFi inavaa MAC ya kubuni, mtandao huu inavaa hii mtandao ule inavaa nyingine, ni kwa ajili ya faragha ya mwenye simu na mimi siipingi hata kidogo. Ila kwa programu yetu mwanafunzi akiufuta mtandao akajiunga upya anaweza kuonekana kifaa kipya, mgeni aliyekuja kuleta barua kifaa kipya, aliyekuja kumchukua mtoto kifaa kipya. Mwezi wa pili leseni ikajaa. Tukaandikiwa ankara ya nyongeza. Mie nikaenda kwa mhasibu nikamwambia dada, hii pesa tunayodaiwa ni ya kutunza kumbukumbu za simu za watu ambao wengine hatutawaona tena maisha yetu yote. Akanitazama, akaniuliza sasa kwa nini ulikubali. Mie? Nilikuwa mlangoni nimeshika funguo.

Na hapo kuna jambo ambalo sijasikia mtu analisema. Programu ilivuta na majina ya simu, na watu wanazipa simu majina yao kamili. Kwaiyo kwenye skrini ya chuo kulikuwa na orodha ya nani alikuja, siku gani, saa ngapi aliingia na saa ngapi alitoka. Hiyo hamna aliyeiomba. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sidhani kama mkuu wangu alijua siku ile anapiga makofi kwamba ameanzisha daftari la kuwafuatilia watu. Nimezifuta zote, na mtaa wa WiFi ya wageni nimeuondoa kabisa kwenye skani.

Nirudi kwa swichi bubu maana wenzangu mafundi watauliza nilizipataje zingine ambazo ziko juu ya dari. Hazisemi lakini jirani zake wanasema. Swichi kubwa, ile ya kwenye reki, inakumbuka kwenye kila porti imeona MAC zipi. Porti inayoenda kwenye kompyuta moja unategemea MAC moja, pengine mbili kama kuna simu ya mezani. Porti 14 ya swichi ya maabara ilikuwa na MAC saba, na kule hamna aksesi pointi. Basi ujue kuna mtu katikati anagawa. Fuata waya huo. Ni kama ukifika mtaani ukamkuta mjumbe wa nyumba kumi, humgongei kila mtu mlango, unakaa na mjumbe anakwambia nani anaishi wapi, hata yule asiyefungulia wageni anamjua. Rauta nayo ni mjumbe, ina jedwali la ARP, yaani orodha ya anwani na MAC za anaoongea nao, kompyuta ya Windows iliyokataa hodi yako kwenye ARP utaikuta imo maana lazima ipite kwa rauta kwenda nje. Na swichi za maana zinasalimiana zenyewe kwa LLDP, kiwango cha tangu 2005, kila baada ya muda moja inamwambia jirani mimi fulani niko porti yako namba fulani. Programu nzuri zinajua kumuuliza mjumbe, zinaanza na swichi moja zinaenda kwa jirani, kwa jirani wa jirani, mpaka mtandao unaisha. Ila lazima LLDP iwe imewashwa, na SNMP iwe imewashwa, na neno la siri liwe moja linalojulikana, na hiyo ni kazi ya mtu kukaa na kila kifaa kabla ya siku ya projekta. Mkandarasi haipendi hiyo kazi maana haina picha.

Majina pia. Sisi tuna rauta ndogo za MikroTik kila jengo, na MikroTik ikitoka kwenye boksi jina lake ni MikroTik. Aliyezifunga hakubadilisha. Nilipochoka na ule mfumo mkubwa nikachukua kompyuta kuukuu nikaweka Linux na LibreNMS, programu nyingine ya kusimamia mtandao, ya bure kabisa, nikaanza kuingiza mwenyewe. SNMP kwenye MikroTik inakuja imezimwa, nikaiwasha moja baada ya nyingine, nikaweka neno la siri letu. Ya kwanza ikaingia vizuri. Ya pili ikakataliwa, inaniambia kifaa hiki tayari ninacho, jina lake lipo. Nikasema hii nayo ina matatizo gani. Nikarudia mara tatu, nikaanza na kuilaani, ndo nikaja kuona kwamba rauta zote zinajiita MikroTik, na LibreNMS isipobadilishwa mpangilio haipokei majina mawili yanayofanana, inajua hapo mtu ataumia. Nikaenda jengo kwa jengo nikazipa majina, maabara-gf-01, utawala-f1-01, hivohivo, jengo, ghorofa, namba. Siku nzima iliisha. Saivi aleti, yaani taarifa ya hitilafu, ikija usiku simu inanisomea jina najua nivae viatu niende wapi. Ule mfumo wa mamilioni wenyewe ulizipokea zote zenye jina moja bila hata kuuliza, ukiona nyekundu imeandikwa MikroTik unabaki unapiga ramli.

Mafundi wengine wanaona afadhali kuandika orodha kwenye Excel kisha kuiingiza yote kama CSV, yaani faili la maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato, na mimi naunga mkono, orodha ya miguu ndo ianze, programu ije kuthibitisha. Ila mjihadhari na Excel. Niliandika porti 1/12 ikanigeuzia kuwa tarehe 1 Desemba. Serial namba za vifaa, zile za kiwandani, zilizoanza na sifuri sifuri, sifuri zote zimepotea. Namba moja ilikuwa na herufi E katikati ya tarakimu, Excel ikaiona ni hesabu ya kisayansi ikaifanya namba ndefu isiyojulikana. Sikuona mpaka nimeingiza vifaa vyote. Kabla ya kuandika chochote ichague safu nzima iambie hii ni maandishi, siyo namba.

Nisije nikaonekana najifanya mjuaji, na mimi nimeharibu. Siku moja nimechoka nikaandika /16 badala ya /24. Tarakimu mbili tu, ila badala ya milango 254 nimeituma programu ikagonge milango 65,534, na kila mlango usio na mtu inasubiri sekunde moja ndo iendelee, piga hesabu ni zaidi ya masaa 18. Nilienda nyumbani nikalala, asubuhi bado inagonga, na tawi letu la pili ambalo linaunganishwa kwa laini nyembamba walikuwa wanalalamika tangu alfajiri.

Nyingine ni ya printa na hii mpaka leo wananitania. Kuna programu ya kuskani niliipata mahali, ikikuta kifaa inajaribu kila porti na kutuma maneno ione kitajibu nini. Sasa printa za mtandao zina porti 9100, ile kitu chochote kitakachotumwa pale printa inadhani ni kazi inachapa. Watengenezaji wa Nmap, programu maarufu ya kuskani, wanalijua hili siku nyingi, wameiweka ikichunguza aina ya huduma iruke porti hizo za kuanzia 9100. Hii yangu haikuwa na adabu hiyo. Niliiacha inazunguka usiku, asubuhi mhudumu wa usafi anafungua ofisi ya uhasibu anakuta sakafu imetapakaa karatasi, kila moja ina mstari mmoja au miwili ya alama zisizosomeka, kama maandishi ya kombe. Dada wa watu akatoka mbio. Mpaka nafika saa mbili na nusu kuna mzee mmoja wa stoo alishatoa ushauri tuite mtu. Nilikaa kimya kama nusu saa hivi Mhariri, nasikiliza, ndo nikakiri.

Hayo ni ya kucheka, la paswedi siyo la kucheka. Ukiiambia programu itafute vifaa unaipa orodha ya maneno ya siri, inakwenda nayo kila mlango ulioitika inajaribu moja moja mpaka lifunguke. Fikiria umempa mtu kibunda cha funguo zako zote azunguke nacho mtaani akijaribu kila kitasa, na kwa wale wenye SNMP ya toleo la kwanza na la pili anazunguka akizitaja kwa sauti, maana neno la siri linapita wazi kwenye waya bila kufichwa. Mtu akiweka laptopu yake kwenye mtandao wako akaifanya iitike hodi, akasubiri uskani, umemletea mwenyewe. Toleo la tatu linaweza kuficha, na limekuwa kiwango kamili tangu 2002, zaidi ya miaka ishirini, na bado naona watu wanafunga vifaa vipya wanaacha "public". Na hiyo seva inayotunza funguo zote nayo ni ya kuangalia, Desemba 2020 dunia ilisikia habari za SolarWinds ya Marekani, programu hizihizi za kusimamia mitandao, wadukuzi waliingia kwenye masasisho ya kampuni na kampuni ikasema wateja wasiofika 18,000 huenda waliyapokea. Wadukuzi walichagua mahali pazuri, mwenye hiyo seva ana funguo za nyumba nzima.

Sasa ombi langu kwa wanaoandika tenda, na najua mnasoma gazeti hili maana matangazo yenu yapo humu. Futeni "vyote". Andikeni kwamba mkandarasi apewe orodha iliyohesabiwa kwa miguu na mafundi wa taasisi, na mfumo uonyeshe kila kilichomo kwenye orodha ile kwa jina lake na mahali pake, na kilichogunduliwa nje ya orodha kikae pembeni kikisubiri mtu akikubali au akikatae, kisijiingize chenyewe. Zabbix, programu nyingine ya aina hii, inaweza kupangwa hivo, LibreNMS unaiambia mitaa gani itafute na anwani gani iruke, hata hizo za kulipia nyingi zina hiyo sehemu ya kusubiri, ni uvivu tu wa kubonyeza chagua vyote. Na leseni msinunue kabla ya hiyo hesabu. Sisi 58 na printa na kamera na seva, tungetosha kabisa na leseni ya 150.

Na siku ya makabidhiano projekta iwepo sawa, soda ziwepo, ila kabla mkuu hajasaini amwambie fundi wake aende jengo lolote achomoe kifaa kimoja kilichomo kwenye orodha, bila kumwambia mkandarasi ni kipi. Watu wakae watazame skrini. LibreNMS kwa mpangilio wake wa kawaida inakusanya habari kila dakika tano, kwaiyo muda wa kunywa soda moja unatosha kuona kama jina la kile kifaa limegeuka jekundu au la. Likikaa kijani, kalamu irudi mfukoni.

Swichi bubu kwetu bado 21, bajeti ya kuzibadilisha wamesema mwaka ujao. Nimezibandika karatasi kila moja na jina na namba ya simu yangu na maandishi makubwa USICHOMOE, na kwenye mfumo nimeziandika kwa mkono chini ya porti zinakotokea, hazina rangi lakini angalau zimeandikwa. Zile 11 zisizoeleweka nimeshazipata kumi, mojawapo ilikuwa rauta ya TP-Link ya nyumbani ambayo mwalimu mmoja aliificha nyuma ya kabati la vitabu apate WiFi yake peke yake, tukaelewana kwa amani. Imebaki moja, inaishia na .77, inaitika hodi kila siku kuanzia saa nane usiku mpaka kama saa kumi, haijui SNMP, mchana haipo. Kwa mjumbe nimeshauliza, swichi inasema iko jengo C, porti 22, na waya wa porti 22 unapanda darini. Jumamosi napanda na tochi.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi mtandao,
Mwanza.